Kusanifu programu ya pesa binafsi, kuanzia kwenye daftari la mama ntilie

Mama ntilie mmoja ninayekula kwake Temeke ana daftari la jalada la bluu, limekunjwa katikati ili liingie kwenye mfuko wa aproni. Ukurasa wa kushoto anaandika kilichotoka, wa kulia kilichoingia, na nyuma kabisa, kwa kalamu nyekundu, yapo majina ya wanaokula kwa mkopo. Nilimwomba ajaribu programu ya hesabu za pesa niliyokuwa naisanifu. Akabonyeza mara mbili tatu kwa kidole chenye unga, akanirudishia simu. "Mwanangu, hii inaniuliza maswali mengi. Daftari haliniulizi kitu."

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Nilikuwa nimechora skrini za mtu ambaye pesa yake yote iko benki, inaingia tarehe moja kwa mwezi na kutoka kwa kadi. Sikuwa na mtu wa namna hiyo hata mmoja kati ya wale niliokusudia kuwahudumia. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata tangu siku ile. Mifano ni ya shilingi ya Tanzania, na nitaigusa Kenya pale mambo yanapotofautiana. Huhitaji kujua kuprogramu. Karatasi, penseli na chombo cha kuchorea skrini kama Figma au Penpot vinatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Soma daftari la mtu kabla ya kuchora chochote

Tafuta watu watano hadi wanane wanaopata pesa kwa njia tofauti: mwajiriwa, dereva wa bodaboda, mwanafunzi anayesubiri bumu (pesa ya mkopo wa chuo), mama mwenye genge. Usiwaulize wangependa programu yenye nini, maana watakutajia vitu vya kukufurahisha. Waulize ya jana. "Jana asubuhi ulitoka na shilingi ngapi? Ya kwanza ilikwenda wapi? Usiku ulibaki na ngapi, na ulijuaje?" Kama mtu ana daftari, omba akuonyeshe, na akikataa usimsukume. Wengine huandika kwenye meseji wanazojitumia wenyewe, au nyuma ya kalenda ya ukutani.

Ukitoka huko, andika sentensi walizokuambia kwa vitenzi vyao. Mimi nimeona zinaangukia kwenye vitendo vitano: nimepokea, nimetumia, nimehamisha, nimekopesha, nimekopa. Programu yako ikivimudu hivyo vitano kwa usahihi, imemaliza sehemu kubwa ya kazi. Ikivichanganya, hakuna rangi nzuri itakayoiokoa.

Hatua ya 2: Panga mifuko, kisha ndipo skrini

Chora duara kwa kila mahali pesa inapokaa: taslimu, simu (na wengi wana laini mbili), benki, kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), pesa iliyo kwa watu. Kisha chora mishale ya namna inavyohama. Kazi hii ni ya jioni moja, na ndiyo inayozuia kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika programu za aina hii: kuhesabu uhamisho kama matumizi.

Chukua mtu aliyetoa 50,000 kwa wakala. Hajatumia 50,000. Pesa imetoka mfuko wa simu ikaingia mfuko wa taslimu, na kilichotumika kweli ni makato ya kutoa. Kwa hiyo skrini inatakiwa iandike mambo mawili kwa tendo moja: uhamisho wa 50,000, na makato kama matumizi yanayojitegemea. Yape makato aina yao wenyewe. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, nimekutana na watu wengi wanaotaka kujua kwa mwezi mzima makato yamewala kiasi gani, na hakuna daftari linalowaonyesha hilo.

Upatu, au mchezo kama wengi tunavyouita, ni mgumu zaidi na unastahili muda wako. Tuseme mko watu 10, kila mmoja anatoa 20,000 kwa wiki, nawe ni wa tatu kupokea. Wiki ya pili ikiisha umeshatoa 40,000: hiyo ni pesa yako iliyo kwa wenzako. Wiki ya tatu unatoa nyingine 20,000 na kupokea 200,000. Programu ya kawaida itaandika "mapato 200,000" na kukupongeza. Ukweli ni kwamba ulishatoa 60,000, na 140,000 iliyobaki ni deni la wiki saba zijazo. Skrini ya kweli itasema: "Umepokea mchezo 200,000. Zimebaki wiki 7 za 20,000, jumla 140,000." Nilipomwonyesha dada mmoja wa saluni mchoro wa mstari huo, aliusoma mara mbili, akasema ndiyo maana kila akipokea mchezo mwezi unaofuata unamkaba.

Kikoba kina mambo yake: hisa ni akiba, mfuko wa jamii ni mchango, marejesho ni kulipa deni, na siku ya kuvunja kikoba pesa inarudi pamoja na faida. Usiyatie yote kwenye aina moja inayoitwa "Kikoba".

Hatua ya 3: Skrini ya kuandika matumizi

Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako wote. Mtu anaandika matumizi akiwa amesimama, mkono mmoja una mfuko wa nyanya, konda anaita. Ukimtaka achague tarehe, mfuko, aina, maelezo, kisha abonyeze "Hifadhi", atasema ataandika jioni, na jioni hataandika.

Mpangilio ninaoutetea ni huu. Skrini ikifunguka, kiasi ndicho cha kwanza, kwa herufi kubwa juu, na kibodi ya namba tayari imefunguka chini. Usitumie kibodi ya simu. Chora ya kwako yenye vitufe 12: namba 1 hadi 9, sifuri, kufuta, na kitufe cha "000". Shilingi yetu ina sifuri nyingi, na kitufe hicho kimoja kinaokoa kazi. Ukisanifu kwa ajili ya Kenya, ambako mtu analipa 50 au 250, weka "00" badala yake. Nilijaribu kuweka vyote viwili, na watu wakawa wanakosea kipi ni kipi.

Katikati ya kiasi na kibodi weka aina sita, zile ambazo mtu huyo amezitumia zaidi wiki hizi, kwa maneno na ikoni. Ya saba iwe "Nyingine" inayofungua orodha nzima. Kisha fanya uamuzi mmoja ambao wabunifu wenzangu hunibishia: kugusa aina ndiko kunakohifadhi. Hakuna kitufe cha "Hifadhi". Nauli 3,000 inakuwa miguso mitatu: 3, 000, Nauli. Tarehe ni leo na mfuko ni ule uliotumika mara ya mwisho. Vyote viwili vinaonekana kwa maandishi madogo juu, na anayetaka kubadilisha anavigusa kabla ya kuchagua aina.

Je, akikosea? Usimuulize "Una uhakika?" kila mara, baada ya siku mbili atakuwa anabonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Badala yake andika chini, kwa sekunde tano au sita: "Imeandikwa: 3,000 Nauli", na pembeni neno "Rudisha". Sekunde hizo zikipita, mstari bado upo kwenye orodha na unaweza kurekebishwa.

Orodha ya aina itoke kwenye Hatua ya 1. Kwa Dar es Salaam mimi huanza na chakula, nauli, vocha na bando, umeme, maji, kodi ya nyumba, ada, dawa, nyumbani, sadaka, michango. "Nyumbani" ni pesa anayotumiwa mama kijijini, na haifanani na matumizi mengine yoyote. Mtu hataki kuiona imechanganywa na "mengineyo". Michango nayo ijitegemee. Harusi, msiba na kipaimara vikigongana mwezi mmoja, mtu anatakiwa aone vimemgharimu kiasi gani kwa pamoja, kisha aamue mwenyewe.

Hatua ya 4: Skrini ya mwanzo ijibu swali moja

Swali lenyewe ni "Nina ngapi ya kutumia?", na jibu lake ni tofauti na jumla ya pesa zote. Fanya hesabu hii mbele ya mtumiaji. Simu ina 180,000, taslimu 40,000, jumla 220,000. Ametenga 100,000 ya ada. Inabaki 120,000, na mshahara uko siku 12 mbele. Kwa hiyo namba kubwa ya skrini ya mwanzo ni 10,000 kwa siku, na chini yake mstari mmoja unaoeleza ilikotoka. Akigusa mstari huo aone kutoa na kugawanya kote. Watu hawaamini namba wasiyoweza kuihesabu wenyewe.

Hesabu hiyo haimfai bodaboda, kwa sababu hana siku ya mshahara. Ndiyo maana mtu anapoanza, muulize swali moja tu: pesa yako huingia lini? Kila mwezi, kila siku, au haina siku maalumu. Wa kila mwezi aone kiasi cha siku. Wa kila siku, na asiye na siku maalumu, waone wiki hii: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Hizo ni skrini mbili tofauti, na usijaribu kuzibana kwenye moja.

Kodi ya nyumba iwekee sehemu yake. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Chumba cha 150,000 kwa mwezi ni 900,000 siku moja, na mtu anayeona "kodi 900,000" mwezi Januari kisha sifuri hadi Juni anapata picha ya uongo ya miezi yote sita. Mwonyeshe ametenga kiasi gani na miezi mingapi imebaki.

Namba zote zifichwe kwa nukta hadi mwenye simu aguse alama ya jicho. Kwenye daladala, jirani yako anasoma skrini yako vizuri kuliko wewe.

Hatua ya 5: Chagua maneno kama unavyochagua rangi

Niliandika "Nadai" na "Nadaiwa" kwenye vichupo viwili vilivyopakana. Kwangu vilikuwa wazi kama mchana. Kati ya watu watano niliowaonyesha, watatu waliandika deni upande usio wake, kwa sababu maneno hayo yanatofautiana kwa silabi moja na jicho la mtu mwenye haraka haliioni. Nikabadilisha: "Walionikopa" na "Walionikopesha". Nayo yakawachanganya. Yaliyokubali ni marefu: "Pesa yangu iko kwa watu" na "Nina pesa ya watu". Yanakula nafasi, na nafasi hiyo nimeyapa.

Neno "Toa" ni mtego mwingine. Katika pesa, kutoa ni kuchukua taslimu kwa wakala. Ukiliandika kwenye kitufe cha kuondoa mstari, kuna atakayeogopa kuligusa. Andika "Futa". "Weka" nalo ni kuweka pesa, kwa hiyo usilitumie kwa maana ya kuhifadhi. "Akaunti" inaweza kuwa ya benki au ya kuingilia kwenye programu. Mimi nasema "mifuko" kwa pesa na "wasifu" kwa mtu. "Muamala" ni neno la meseji za benki, linaeleweka, lakini hakuna aliyewahi kuniambia "leo nimefanya miamala minne sokoni".

Ukitaka programu ifanye kazi pande zote za mpaka, andaa mafaili mawili ya maneno. Kikoba cha Tanzania ni chama Kenya, na neno chama kwa Mtanzania kwanza ni siasa. Umeme wa LUKU kwetu, kwao ni tokeni za stima. Kiswahili ni kimoja, lakini mtu akishaona neno la jirani kwenye hesabu zake, anahisi programu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Ujumbe wa makosa useme la kufanya: "Andika kiasi kwanza", wala si "Kosa! Kiasi batili". Na usimhukumu mtu. "Umevuka bajeti ya chakula kwa 14,000" inatosha. Hujui kama alikuwa na wageni wa msiba.

Hatua ya 6: Namba, rangi na saa

Kwenye orodha, namba zikae kulia, zote kwenye mstari mmoja, kwa fonti ambayo tarakimu zake zina upana sawa. Roboto na Inter zinazo. Bila hivyo 11,100 inaweza kuonekana fupi kuliko 9,000. Weka mkato kwenye maelfu wakati mtu anaandika, asisubiri amalize. Senti za ".00" ziondoe, hakuna anayezitumia.

Usipake matumizi yote rangi nyekundu. Kila mtu anatumia pesa kila siku, na skrini nzima itakuwa inampigia kelele. Nyekundu ibaki kwa kilichopitwa na tarehe. Pesa iliyoingia ipewe alama ya kujumlisha pamoja na rangi, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, unataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na usuli usipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Mimi hupita hapo kwa makusudi, kwa sababu simu ya bei nafuu juani saa saba mchana inameza kijivu chote. Kitufe kisipungue vipimo 48 vya Android kila upande, takriban milimita 9. Kumbuka kidole chenye unga.

Saa nayo ina hadithi. Kijana mmoja aliweka kikumbusho cha "3:00" akiwa na maana ya saa tatu usiku, na simu ikamwamsha saa tisa alfajiri. Kwenye kikumbusho mpe maneno ya kuchagua: "saa 2 usiku", "saa 3 usiku", "saa 4 usiku", na programu ibadilishe yenyewe kuwa 20:00, 21:00, 22:00.

Hatua ya 7: Meseji za pesa

Kila muamala wa simu unaleta meseji yenye kiasi, makato, salio na namba ya kumbukumbu, kwa hiyo ni rahisi kutamani programu izisome zenyewe. Kwenye iPhone haiwezekani. Programu hairuhusiwi kusoma meseji. Kwenye Android, Google Play imeibana sana ruhusa hiyo, ingawa programu za kusimamia matumizi zinaweza kuiomba na kueleza sababu. Njia isiyo na mashaka ni kumwachia mtu anakili meseji na kuibandika.

Vyovyote utakavyoipata, usiiandike kimyakimya. Iweke kwenye kisanduku cha "Zinasubiri", mtumiaji achague aina, na namba ya kumbukumbu ikuzuie kuandika muamala uleule mara mbili. Kabla ya dirisha la ruhusa, onyesha skrini moja ya Kiswahili cha kawaida: tunasoma meseji zipi, kwa ajili gani, na hazitoki kwenye simu yako. Kisha hakikisha kweli hazitoki. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Programu ifanye kazi bila bando. Ifungwe kwa namba ya siri au alama ya kidole, na picha yake isionekane mtu anapopitia programu zilizo wazi.

Hatua ya 8: Jaribu na watu, kwanza kwa karatasi

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwangu imekuwa hivyo. Chora skrini kwenye karatasi, mpe mtu kazi halisi ("umelipa nauli 1,200 kwenda na kurudi, iandike"), kisha nyamaza. Ugumu wote uko kwenye kunyamaza. Mkono utakuwasha umwonyeshe kitufe kilipo. Hesabu miguso na sekunde, na andika neno alilolitamka alipokwama, kwa sababu mara nyingi ndilo neno lililotakiwa kuwa kwenye kitufe. Ukifika kwenye simu, jaribu nje juani, kwa mkono mmoja, kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

Hatua ya 9: Andaa skrini ya siku zilizorukwa

Kila mtu ataacha kuandika. Atasafiri, ataugua, atachoka. Akirudi baada ya siku nne na kukuta salio la uongo, ataona aibu kisha ataifuta programu. Skrini hii ndiyo inayombakiza, na karibu programu zote nilizowahi kuzifungua hazina.

Akifungua, usimwonyeshe siku nne tupu. Muulize: "Sasa hivi una taslimu kiasi gani?" Ahesabu, aandike, programu ichukue tofauti na kuiweka kwenye mstari mmoja wa "Hayakuandikwa". Akikumbuka kitu baadaye anaweza kuukata mstari huo vipande: 4,000 dawa, 2,000 nauli. Asipokumbuka, hesabu inaendelea kutoka ukweli wa leo.

Nilimpelekea yule mama wa Temeke toleo hilo baada ya wiki ya msiba kwao. Programu ilidhani ana taslimu 48,500. Alimwaga pochi juu ya meza, akapanga noti kwa ukubwa, akahesabu sarafu kwa midomo, akaandika 37,500. Mstari ukatokea: "Hayakuandikwa 11,000". Akautazama kidogo, akasema, "Hiyo ni nauli ya kwenda kuzika," akaigusa, akachagua Michango, kisha akanipa sahani yangu ya maharage na kuandika 2,500 upande wa kilichoingia.